Si Wote ni Shomoro

Sisi wakazi wa Eastlands, Nairobi, tuna lalamiko, na tunalitoa bila kumung'unya maneno: tumechoka kuona watoto wetu wakifundishwa kwamba kila ndege mdogo mwenye mdomo mnene ni shomoro.

Asiyetuelewa na aje saa moja unusu asubuhi, asimame karibu na kinu cha posho chochote huku Kayole, Umoja au Dandora. Mwenye kinu anapofagia chenga za mahindi kuelekea mlangoni, waya wa stima huwa tayari umejaa. Wa kwanza kushuka ni shomoro dume, utosi wa kijivu, kidevu cheusi, na huyo haogopi hata viatu vya watu. Nyuma yake anakuja kwera wa manjano, jicho limemtoka utadhani anadai deni. Kando ya mtaro, kwenye nyasi zilizotoa mbegu, vindege vya kichwa cheusi na tumbo jeupe vimening'inia vitano vitano hadi bua linainama. Juu ya ua wa kayaba anaimba chiriku wa hudhurungi mwenye michirizi kifuani. Na chini ya kibanda cha mama mboga, pale ambapo vumbi limelainika, mwekundu mmoja mdogo anadona mbegu pamoja na jike lake.

Hao ni ndege wa aina tano. Wote wanapasua mbegu, wote wana mdomo mnene kwa kadiri ya miili yao, na wote watano huku kwetu wanaitwa shomoro. Kumbe shomoro ni mmoja tu kati yao. Kwera ana familia yake. Chiriku ana yake. Yule mwekundu na wale wa kichwa cheusi ndio pekee walio wa ukoo mmoja. Familia nne zimeketi juu ya waya mmoja, na sisi tumezipa jina moja.

Mwaka jana mtoto mmoja wa hapa Umoja, wa gredi ya 6, alipewa kazi ya kumchora ndege anayekula nafaka karibu na nyumbani. Akamchora yule wa kwenye kayaba, michirizi yote, akaandika chini yake: chiriku. Daftari likarudi na mkato mwekundu. Neno chiriku limepigwa mstari, juu yake imeandikwa shomoro. Mama yake alipokwenda kuuliza, akaambiwa kitabu kina picha moja tu ya mdomo wa namna hiyo, na jibu ni moja. Mama huyo anauza chapati. Alirudi kwenye jiko lake, lakini hakunyamaza; jioni alitusimulia plotini, na ndipo kila mmoja wetu akatoa lake.

Hatumwekei mwalimu lawama yote. Sisi wenyewe tulipitia mlango huo huo. Tuliofanya mtihani wa KCPE tunalikumbuka somo la midomo ya ndege: uliopinda na mkali ni wa mla nyama, mrefu mwembamba ni wa mfyonza maua, bapa ni wa bata, mfupi mnene ni wa mla nafaka. Ukiyakariri hayo, alama unayo, twende hesabu. Somo lenyewe si la uongo. Mdomo mfupi mnene ni wa kupasua mbegu kweli. Shida ni kwamba lilituacha hapo. Hakuna aliyetuambia kwamba mdomo ni kifaa cha kazi, na kifaa hakikuonyeshi ukoo wa mtu. Fundi wa mabati wa Kamukunji ana nyundo, na fundi wa viatu wa Kariokor ana nyundo. Nani atawaita ndugu wa tumbo moja kwa sababu ya nyundo?

Na wala si sisi tulioanza kukosea. Carl Linnaeus wa Uswidi, katika toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe, mwaka 1758, alikuwa na jenasi aliyoiita Loxia. Humo alimtia kadinali mwekundu wa Marekani, ndege wa mpunga wa Java, na hata kale kandege ka Afrika kenye mdomo mwekundu kama nta, ambako tunakaona kwenye nyasi za kando ya mto. Shomoro akamweka kwingine, katika jenasi Fringilla, pamoja na ndege ambao leo hawahesabiwi tena kuwa jamaa zake wa karibu. Mwaka 1917 James Chapin, Mmarekani aliyekaa miaka kadhaa kaskazini-mashariki mwa Kongo akikusanya ndege, alichapisha kazi nzima kuhusu uainishaji wa makwera, na katika kazi hiyo hakutosheka na umbo la nje. Alitazama hata alama zilizomo ndani ya vinywa vya makinda. Mwaka 1990 wataalamu wa ndege Sibley na Ahlquist wakatumia vinasaba, wakawarudisha shomoro, makwera na wale wadogo wa nyasi ndani ya familia moja kubwa, na wakaongeza humo humo hadi ndege aitwaye kiluwiluwi. Wenzao wakapima tena kwa njia bora, wakawatenganisha.

Hayo hatuyasemi kwa kuwacheka. Kazi yao ilikuwa ngumu na waliifanya kwa uaminifu. Ila wao walipokosea walipewa nafasi ya kusahihisha, wengine baada ya miaka mia. Mtoto wa Umoja alipata, naye akakatwa.

Linalotuuma zaidi ni kwamba sisi ndio watu ambao wangelielewa somo hili kwa urahisi kuliko wote, kama tungefundishwa kutazama nyumba badala ya mdomo. Mitaa hii tunajuana kwa nyumba. Mtu akisema anakaa Kaloleni, tunajua ni zile za zamani za miaka ya 1940, uwanja katikati. Akisema Buruburu, tunaliona paa la vigae. Akisema Kayole, tunazihesabu ngazi za gorofa.

Haya, tazama nyumba za wale wa kwenye waya. Shomoro haoni haya: anasokota nyasi kavu, uzi wa gunia, kipande cha karatasi ya nailoni, anavisukuma chini ya bati mpaka vinaning'inia nje kama soksi. Kwera hawezi kuishi hivyo. Dume anachana ukanda wa jani bichi, anaukanyaga kwa mguu, anaupitisha kwa mdomo kuzunguka kitawi, anaufunga fundo la kweli, kisha anaendelea kufuma pete, pete inakuwa chumba, chumba kinapata mlango. Jike anakuja kukagua. Asiporidhika anaondoka, na tumewaona madume wakibomoa kazi ya siku nzima jani kwa jani na kuanza upya kwenye tawi lile lile. Chiriku anajenga kikombe kidogo cha wazi ndani ya kayaba, amekitandika nyuzi laini. Yule mwekundu na wale wa kichwa cheusi wanakunja mpira wa nyasi wenye mlango ubavuni. Mtoto wa miaka saba anaweza kuyaona haya akiwa amesimama barazani. Hahitaji darubini, anahitaji tu mtu mzima wa kumwambia kwamba yana maana.

Kuna na mambo ya ndani zaidi. Shomoro ana kamfupa ka ziada ulimini kanakomsaidia kuikaza mbegu anapoimenya. Chiriku ukimkunjua bawa unaona manyoya makubwa ya kurukia tisa pale ambapo kwera ana kumi. Hayo ni ya kuonyeshwa na mtaalamu mwenye ndege mkononi, lakini hata kuyasikia tu kunamfanya mtoto aelewe kwamba kufanana kwa sura si kuwa ndugu.

Na yupo wa familia ya tano, asiyejenga kabisa. Mzee mmoja wa Buruburu ndiye aliyetufumbua macho. Alikuwa na mpira wa nyasi kwenye mmea uliotambaa ukutani mwake, wa wale wekundu wadogo, na kila siku alikunywa chai akiutazama. Makinda yalipotoka, moja lilikuwa kubwa kidogo kuliko wenzake na rangi yake haikulingana nao. Lilipofungua kinywa, anasema, madoa ya ndani yalikuwa yale yale ya wenzake, na mama mwekundu akalilisha bila kusita. Baada ya muda akaanza kumwona juu ya waya ndege mdogo mweusi wa kung'aa, anaimba, na ndani ya wimbo wake mna sauti ya yule mwekundu. Huyo mweusi ni wa jamii ya fumbwe. Jike lake hutaga kwenye kiota cha mwekundu, makinda hulelewa pamoja, na dume hujifunza wimbo wa baba aliyemlisha. Vinasaba vinasema jamaa wa karibu zaidi wa jamii ya fumbwe ni hiyo hiyo jamii ya wekundu wanaowaachia watoto. Mzee wa watu alikuwa akiyaona haya miaka yote, na kila alipouliza aliambiwa: ni shomoro hao.

Kenya inaye na binamu wa fumbwe, ndege wa manjano wa nyasi ndefu mwenye mdomo mnene. Ukimwona utaapa ni chiriku. Wataalamu kwa muda mrefu walimhesabu kuwa kwera. Vinasaba vikamkuta katika ukoo wa fumbwe, na kama wao, naye hutaga kwenye viota vya wengine. Sasa, ikiwa mdomo uliwapoteza waliokuwa na makabati ya vielelezo, mtoto mwenye picha moja kitabuni atapona vipi?

Jina lenyewe la mdomo mkubwa limeleta mkanganyiko dunia nzima. Wafaransa walimwita ndege wa namna hii grosbec, Waingereza wakalichukua neno wakalibandika popote walipokuta mdomo mnene. Amerika likawaangukia ndugu za kadinali. Ulaya likawaangukia jamaa za chiriku. Afrika likamwangukia kwera mmoja wa matete, na pia chiriku wawili wa nchi kavu. Hao wawili wote wako Kenya, mmoja kaskazini na mmoja kusini, pande za Kajiado na Magadi. Zamani walihesabiwa spishi moja, leo ni spishi mbili. Na katika kisiwa cha São Tomé kuna mwingine, mkubwa wa mdomo kuliko wote, ambaye alipewa jenasi ya peke yake mpaka mwaka 2017 vinasaba vilipoonyesha kwamba ni chiriku tu aliyekua sana kisiwani. Yaani yule wa Magadi, yule wa São Tomé na yule wa kayaba ya Umoja ni ukoo mmoja, na kadinali wa Marekani si wao hata kidogo.

Habari kama hii kwa nini haitufikii? Chiriku wetu katika vitabu vilivyo kwenye rafu zetu bado ni wa jenasi Serinus. Wataalamu walikwisha kumhamishia Crithagra, jina alilolitoa mtaalamu wa ndege Swainson mwaka 1827 kwa kutumia neno la Kigiriki la shayiri. Mwezi Juni 2025 ikatoka orodha moja ya ndege wa dunia, spishi 11,131, baada ya miaka mingi ya kuwa na orodha kadhaa zisizokubaliana. Hilo ni jambo kubwa. Huku mitaani halikuingia redioni wala shuleni wala kwenye ubao wa kanisa. Nairobi ina chama cha historia ya asili tangu 1909, na tangu 1971 kuna watu wanaotoka Makumbusho ya Taifa kila Jumatano asubuhi kwenda kutazama ndege. Tunawaheshimu, na waliowahi kwenda wanasifu. Lakini Jumatano asubuhi sisi tuko Gikomba, tuko Industrial Area, tuko kwenye matatu. Elimu hii inahitaji kutufuata tulipo, kwa lugha tunayoitumia.

Na hapo kwenye lugha ndipo panapotuwasha. Kiswahili hakikosi majina. Pwani wana jurawa na shomoro, wana mnana na kwera, wana fumbwe, wana chiriku, ambaye hata mtu msemaji sana huitwa kwa jina lake. Jirani zetu Wajaluo wa Makongeni na Jericho wanamwita kwera osogo, na wamo watu wenye jina hilo. Ukifungua kamusi, mara nyingi unakuta ndege hawa wameishia kuwa aina ya ndege mdogo, basi. Mdogo yupi? Rangi gani? Anajenga wapi? Neno lililowekwa hivyo ni kama mtu aliyesajiliwa bila jina la baba. Mtoto akilikuta, hawezi kulitumia kumtofautisha ndege mmoja na mwenzake, basi anarudi kwa shomoro.

Wapo watakaosema ni mambo madogo, watu wana njaa na kodi za nyumba. Tunawajibu kwa mfano tulioushika mikononi. Ghala moja la nafaka huku kwetu lilikuwa likisumbuliwa na shomoro, na kweli walikuwa shomoro, wanaingilia chini ya bati. Mtu akatupa chenga zenye sumu nje. Kesho yake tuliokota ndege chini ya waya. Shomoro walikuwa wawili. Makwera walikuwa zaidi, na ndio wanaowalisha makinda wao wadudu, wakiwatoa kwenye sukuma wiki zetu. Walikuwepo wale wekundu, dume na jike, wepesi kwenye kiganja kama ganda la njugu, macho yamefumba nusu. Hawa hawana kawaida ya kuingia ghalani. Wao huokota mbegu zilizoanguka chini. Tulipomwuliza aliyeweka sumu, alijibu kwa moyo safi kabisa: si ni shomoro wote?

Mambo hayo hayo kwa ukubwa tuliyaona Januari 2023, serikali ilipotangaza vita dhidi ya kweleakwelea waliovamia mashamba ya mpunga ya Kisumu. Idadi iliyotajwa ilikuwa hadi ndege milioni 6. Wengi wetu tuna mashamba huko nyumbani na hatuutetei uharibifu ule. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, na wakija ni wingu. Lakini yeye ni wa ukoo wa makwera, analala kwenye matete pamoja na wengine wasio na hatia, na dawa ya fenthion inayopuliziwa usiku haiulizi familia. Mkulima anayeweza kutofautisha nani ni nani ataweza pia kusema malalo haya ni ya kweleakwelea na yale si yao. Asiyeweza atapulizia vyote.

Sisi hapa tuna matete yetu pia. Mto Nairobi ukishapita Dandora unaelekea Njiru na Ruai, na mabwawa ya majitaka ya Dandora, harufu yake na yote, yamo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini. Kwenye matete ya upande huo anakaa yule kwera wa mdomo mkubwa kuliko wote, dume wa rangi ya kahawa iliyokolea, baka jeupe kwenye paji la uso na jingine kwenye bawa. Katika jenasi yake yuko peke yake, hana pacha. Anafuma kiota kati ya mabua mawili kwa nyuzi nyembamba mno alizozichana mwenyewe, laini kiasi kwamba ukikitazama kwa mbali unadhani ni kitambaa. Mlango uko ubavuni, mdogo.

Mwezi wa tano tulikwenda kule, watu tisa, na yule mtoto wa daftari alikuwemo na mama yake. Sehemu ya matete ilikuwa imefyekwa, mabua yamelala kwenye tope, na viota viwili vimelowa maji. Kiota cha tatu kilikuwa bado kimesimama. Dume alikuwa juu yake, anavuta uzi. Mtoto akauliza anaitwa nani. Mmoja akasema osogo, mwingine akasema kwera, mama wa Dandora akasema kwao alimjua kwa sauti tu, si kwa jina. Mfyekaji aliyekuwa amekaa kando, panga magotini, akasema ni shomoro wa mto.

Mtoto akafungua daftari lile lile, akageuza ukurasa wenye mkato, akaanza kuchora: kwanza mabua mawili, halafu kiota, halafu ndege. Paji la uso aliliacha bila kulipaka rangi. Nafasi ya jina aliiacha wazi, akasema atamwuliza mwalimu Jumatatu.